Turbo Chini ya Kombi ya Samaki

Patron Kakule tulimzika Jumanne, na Jumatano mchana nilikuwa bado nimekaa uani kwake, mtaa wa Mususa, Butembo, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, sahani ya bugali na sombe ya majani ya mihogo mapajani, nikisikiliza watu wakimsifu marehemu kwa mambo ambayo hakuyafanya. Mmoja alisema Patron hakuwahi kumpandishia mtu sauti maishani mwake. Mimi nilifanya kazi katika gereji yake zaidi ya miaka ishirini, na masikio yangu yanajua mengine. Nilikuwa karibu kucheka pale Kahindo alipoingia. Alikuwa ametoka Beni asubuhi hiyo, vumbi la barabara bado liko kwenye nyusi zake. Kahindo ni mjane wa Mbusa, dereva wetu wa zamani. Katika miaka ishirini na zaidi nilikutana naye mara tatu tu, na mara zote tatu nilikumbuka ghafla kwamba nina kazi mahali pengine. Safari hii sikuwa na pa kukimbilia, maana kazi zote zimesimama kwa ajili ya msiba. Viti vitupu vilikuwa vingi, lakini alivipita vyote akaja kuketi kando yangu, akapokea sahani yake, akanawa, akaanza kula polepole bila kuniangalia.

Alipofika nusu ya sahani akasema, kwa sauti ya chini, "Kasereka, kula kwanza. Nyuma niko na neno moja ya kukuuliza. Ile njo yenye ilinileta, hapana kilio tu."

Nililijua neno lenyewe kabla hajalisema. Nikawa nalitafuna donge lile lile kama mbuzi, na akili yangu ikarudi peke yake kwenye mwaka ule ambao nimeuzunguka maisha yangu yote bila kuuingia.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya pili vya nchi yetu, nami nilikuwa na miaka ishirini na sita. Gereji ya Patron ilikuwa na vyumba viwili na uwanja. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, kalenda ya parokia na redio iliyozungumza pale tu ilipopigwa kofi. Cha nyuma kilikuwa stoo: injini zilizokufa zimepangwa ukutani, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Uwanjani kulikuwa na shimo la kuingia chini ya magari, na nyuma yake uzio wa mabati ambao ulitutenga na ua wa wanawake wauza samaki. Tulikula pamoja saa saba, sinia moja, maharage siku nyingi, na Mbusa aliporudi kutoka ziwani tulikula vichwa vya tilapia na mchuzi mwekundu wa mawese. Wakati wa kula hatukuwa tukizungumza sana. Tulisikiliza mabati. Ng'ambo ya pili wanawake walikuwa wakiambiana: nani amepita Kyondo, nani amerudishwa, ni kona gani watu wamevuliwa nguo, ni kijiji gani kimelala porini. Redio ilituambia habari za marais. Habari za vita vyetu tulizipata kupitia mabati yale.

Mbusa alikuwa dereva wa Kombi ya samaki. Ilikuwa Kombi ya zamani iliyoachwa na mapadri, rangi yake ya bluu imebaki tu chini ya madirisha, na sisi tuliiita Mukaka, yaani bibi, kwa vile ilikuwa nzee na inanung'unika. Injini yake ilikuwa nyuma, ile inayopozwa kwa upepo tu, haina rejeta wala maji. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa baraka, kwa sababu gari likitobolewa rejeta na jiwe au risasi, safari imekwisha hapo hapo. Mukaka hakuwa na cha kutobolewa. Lakini nguvu hakuwa nazo. Kutoka Kyavinyonge, kwenye ziwa, hadi kwetu juu Butembo, barabara inapanda ukuta wa mlima, na akiwa na vikapu vya samaki na wanawake wanane Mukaka alipanda kwa mwendo wa mtu anayetoka hospitali. Kwenye kona kali wanawake walishuka kusukuma. Na kwenye kona hizo hizo ndiko walikokuwa wakingojewa na wenye bunduki.

Ndipo Patron akapata wazo la turbo. Alikwenda Beni akarudi na moja, aliyoifungua kwenye pikapu ya dizeli iliyoungua, ameifunga kwenye kitenge cha mkewe. Kwa wasiojua: turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini unaizungusha moja, na ya pili inasukuma hewa ndani ya injini, injini inapata pumzi. Inazunguka kwa kasi ya ajabu na bila mafuta inakufa kwa dakika moja. Mafuta huingia juu kwa nguvu ya pampu, yanalainisha mhimili, kisha yanatoka chini kwa uzito wake tu, yanaanguka kurudi kwenye tumbo la injini. Yanaanguka. Neno hilo nililijua, lakini sikuliwazia. Nyuma ya Kombi hakukuwa na nafasi juu ya injini, na nyuma yake kabisa ingegonga mawe. Patron alikuna kichwa siku mbili. Mimi ndiye niliyelala chini, nikaona uwazi kando ya gia boksi, mbele kidogo ya injini, nikasema hapa. Ilikaa vizuri. Nilichomelea vishikio vyake mwenyewe, na nilijisikia fundi kweli kweli. Mahali pale palikuwa chini kuliko tumbo la injini kwa urefu wa kiganja na nusu.

Siku ya kwanza tulipoiwasha, Mukaka alitoa moshi mweupe wenye bluu kiasi kwamba mke wa jirani alikuja kudai nguo zake zifuliwe upya. Patron akasema pete za pistoni zimekwisha. Tukafungua injini nzima, pete zilikuwa nzima. Alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Kilingala cha wanajeshi, mtu yule ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Nilikaa shimoni siku tatu, na ya tatu niliangalia bomba la kurudishia mafuta, nikaona aibu. Lilitoka kwenye turbo likielekea juu. Nilikuwa nimeyaambia mafuta yapande mlima yenyewe. Yaligoma, yakajaa ndani ya turbo, yakapita kwenye viziba vya mhimili na kumwagika kwenye bomba la moshi la moto. Pete hazikuwa na kosa lolote.

Dawa yake niliipata na bado naionea fahari, Mungu anisamehe. Nilikata bomba la shokamzoba la zamani, nikalifunga chini, likawa kikopo kidogo cha kukingia mafuta yanayoanguka kutoka turbo. Kisha nikachukua pampu mbili za mafuta kutoka injini mbili zilizokufa, nikaziunganisha mgongo kwa mgongo kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza ilifanya kazi yake ya kawaida, ya pili ikawa inanyonya kile kikopo na kuyatupa mafuta juu, ndani ya injini. Injini ikizunguka, kikopo ni kikavu. Moshi ukaisha. Safari ya kwanza Mbusa alipanda kutoka ziwani bila mwanamke yeyote kukanyaga chini, na waliporudi waliingia uwanjani wanaimba nyimbo za kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Siku hiyo tulikula tilapia nzima, kila mtu yake. Patron aliniambia "wasingya", asante, mbele ya watu wote. Neno hilo kwake lilikuwa adimu kuliko petroli.

Ila pampu ile ilinyonya injini ikiwa inazunguka tu. Ukiizima, mafuta yaliyobaki juu yalishuka yenyewe taratibu kupitia bomba la kulishia, yakajaa turbo, na asubuhi Mukaka alikohoa wingu zima kabla ya kutulia. Uwanjani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha. Mbusa alisema bibi anavuta tumbaku yake ya asubuhi. Lakini barabarani kulikuwa na desturi yetu ya kuteremka. Madereva wote wa upande ule, tangu vita vilipoanza, walipofika juu ya mteremko wa kwenda ziwani walizima injini, wakaweka gia huru, wakashusha vioo, wakaacha gari liteleze kimya hadi chini. Wanawake waliacha kuongea, watoto walinyonyeshwa wasilie. Walikuwa wakisikiliza. Ukisikia ndege wamenyamaza, unasimama. Ukisikia chuma kinagonga chuma, unarudi kwa miguu. Mvumo wa injini ungekuziba masikio na kuwaambia wenye bunduki kwamba unakuja. Basi Mukaka wetu mwenye nguvu mpya alikuwa na shida hiyo: akizimwa kwenye mteremko, chini akiwashwa atatoa wingu ambalo tambarare nzima italiona. Nilimwambia Mbusa asizime.

Alishuka nayo injini ikiwaka safari tatu. Ya tatu aliporudi hakukaa kula. Alisimama mlangoni pa stoo, mtu mpole yule, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata juani.

"Kasereka, mulima ile, mutu mwenye hasikiake njo mwenye anakufaka," alisema. "Lakini niko nashuka kama kiziwi. Bamama banalia mu gari. Unitengenezee kitu yenye nitakata moteur."

Nikamwambia nitatengeneza, azime injini yake asikie. Na nilijua jinsi: klape, mlango mdogo kwenye bomba la kulishia, ambao unafunguka mafuta yakisukumwa na pampu na kujifunga pampu ikinyamaza. Madukani Butembo hapakuwa na kitu hicho. Nilichonga kipande cha shaba, nikaweka gololi ya baiskeli ndani yake, na nyuma ya gololi springi ya kalamu ya kubonyeza. Nilitengeneza mbili, ya pili iwe akiba. Springi ilipaswa iwe laini ili turbo isikose mafuta, na iwe ngumu ili gololi izuie. Katikati ya hayo mawili nafasi ilikuwa nyembamba sana, na mimi niliikisia kwa kidole.

Nilimaliza siku ya ville morte, mgomo wa mji mzima. Vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na matairi, hakuna duka wala gari, mji mzima umekaa ndani kama siku ya adhabu. Nilifunga klape, nikawasha Mukaka hapo uwanjani mpaka akapata moto, nikamzima, nikaenda kula maharage. Baada ya nusu saa nikawasha. Hakutoa hata uzi mmoja wa moshi. Nilipiga makofi peke yangu. Patron alikuwa kwenye dirisha la chumba cha mbele, redio mkononi, akasema bila kugeuka kwamba uwanja ni sawasawa na mulima si sawasawa, nipime kwenye mteremko unaokwenda mtoni. Ni kweli. Gari likiinamisha pua, mahali pale nilipopachagua, mbele ya injini, panashuka zaidi, na uzito wa mafuta juu ya ile gololi unaongezeka. Lakini nje kulikuwa na vijana na mawe yao, na kulisukuma gari barabarani siku ya ville morte ni kujitafutia kipigo. Nikamjibu ndiyo. Nikawaza nitapima kesho. Hata jeki sikuikumbuka. Ningeinua tu matako ya gari kwa jeki na matofali, pale pale uwanjani, ningeuona ukweli kabla maharage hayajapoa. Jambo hili linanirudia hadi leo nikiwa naoga, nikiwa kanisani, nikiwa nainua magari ya watu wengine.

Asubuhi Mbusa alikuja mapema kuliko tulivyoagana, kwa sababu ville morte ilikuwa imekula siku na kule ziwani samaki walikuwa wanaoza. Wanawake walikwishaketi ndani ya Kombi. Kahindo alikuwa amesimama kando yake na beseni la chakula cha mumewe, viazi na maharage vilivyofungwa majani, na mtoto wao wa kwanza wa kiume, Paluku, mgongoni. Mbusa alinipa mkono.

"Ulipima mu mulima?"

Wanawake wote walikuwa wakinitazama. Kahindo alikuwa akinitazama. Mimi ndiye mtu wa turbo, niliyeimbiwa, niliyeambiwa wasingya. Kusema hapana kungekuwa rahisi: wangengoja nusu saa, tungekwenda mtoni na kurudi. Sikuona hatari yoyote mbele yangu. Niliona aibu ndogo tu, ya nusu saa.

"Nilipima," nikasema.

Nikaenda kufungua geti. Nyuma yangu nilisikia Mbusa na mkewe wakisemezana, sikushika maneno. Kisha akapita, akapunga kofia.

Saa tatu hivi nilikuwa mezani na klape ya akiba. Sijui nini kilinisukuma, labda dhamiri ina mikono yake. Niliifunga kwenye mpira mwembamba, nikaujaza mafuta yaliyopashwa moto, nikauinua. Hadi kiunoni, gololi ilishika. Nilipofika usawa wa kifua, tone likatoka. Nikangoja. Likatoka la pili, kisha uzi mwembamba, hauna haraka, mweusi, ukashuka kwenye vidole vyangu. Nilirudia mara nne na mara zote nne ilikuwa vile vile. Kule kwenye ukuta wa mlima mteremko unachukua zaidi ya nusu saa.

Simu hatukuwa nazo. Kulikuwa na phonie, redio ya kusemeana, kwenye chumba kimoja misioni. Nilikimbia mpaka pale. Mbusa alikuwa na tabia ya kusimama Kyondo kunywa chai, na Kyondo walikuwa na phonie pia, hivyo nilikuwa na muda, nataka hilo lieleweke. Chumba kilikuwa na benchi ndefu, harufu ya betri na nguo mbichi, watu kumi na zaidi wanangoja zamu. Kila neno kila mtu alilisikia. Mwanamke mmoja aliagiza chumvi. Mzee mmoja alimwambia mtu wa Lubero kwamba "ile kitanda iko tupu", na sote tukainamisha vichwa, tukajua kuna mtu amekufa. Maana phonie haikuwa na siri. Wenye bunduki waliokaa porini nao walikuwa na redio zao, na walikuwa wakisikiliza kama sisi tulivyokuwa tukisikiliza mabati. Zamu yangu ilipofika, mtu wa phonie akaniuliza, bila kuinua macho, ni kwa nani na ni neno gani.

Nilifungua mdomo. Nikisema Mbusa asizime injini, nimewaambia wote kuanzia Lubero hadi Kasindi kwamba Mbusa yuko njiani na gari lake. Hilo ni kweli, nililiwaza pale pale, si uongo niliojitungia baadaye. Lakini niliwaza na jambo la pili kwa wakati huo huo: kwamba watu kumi kwenye benchi lile, wengi wao wa kanisa langu, watajua Kasereka alidanganya. Mawazo hayo mawili yalifika pamoja. Sijui hadi leo ni lipi lililoufunga mdomo wangu. Jioni ile ile nilipata njia kumi za kulisema kwa mafumbo, kama yule mzee na kitanda chake. Mwambieni Mbusa yule bibi mgonjwa asinyamazishwe njiani. Maneno hayo machache yangetosha. Pale kwenye phonie nilisema nimesahau namba ya kituo, nikatoka.

Habari ilikuja mchana wa siku ya pili. Nilikuwa shimoni chini ya lori la mtu. Nilisikia geti, kisha miguu mitupu, kisha sauti ya Mama Katungu, mmoja wa wale wauza samaki, akiomba maji. Alikuwa ametembea siku nzima. Patron alimletea kiti na beseni, naye mama akawa anaosha miguu yake huku anasema, na mimi niliyapokea maneno yake kutoka chini, naona tu maji machafu yakimwagika ukingoni mwa shimo. Alisema walishuka vizuri, kimya, kama zamani, hata mtu mmoja alilala usingizi. Hawakusikia kitu chochote kibaya. Chini, pale majani yanapoanza, Mbusa akawasha.

"Moshi ikatoka," alisema Mama Katungu. "Mweupe, mingi, hata sisi hatukuonana ndani ya gari. Ikasimama pale juu, haiondoke. Papa Mbusa akasema, bamama, mushuke, mukimbie. Yeye akabaki, akaendesha peke yake ili moshi ifuate gari, isikae na sisi. Tukasikia masasi. Basi, moshi njo ilituuza."

Ni nani waliopiga, sikuwahi kujua, na kila mtu aliyeniambia alitaja upande tofauti. Wanawake wote wanane walirudi; Mbusa hakurudi. Patron alikuja hadi ukingoni mwa shimo, akainama, akanitazama muda mrefu na tochi yangu ikamulika viatu vyake. Alikuwa anajua geti halikufunguliwa siku ya ville morte. Aliishi miaka ishirini na zaidi baada ya hapo, tukafanya kazi pamoja, tukala sinia moja, tukagombana juu ya kila bolti, na hakuniuliza hata siku moja. Wengine wataita hilo huruma. Mimi lilinitesa, kwa sababu mtu asiyekuuliza hakupi nafasi ya kujibu. Jumanne walipoteremsha sanduku lake kaburini nilimlilia kwelikweli, na chini ya kilio nikasikia, haya kubwa, kitu kama unafuu: sasa hakuna anayejua.

Kahindo alimaliza kula. Alikunja kanga yake magotini, akanawa, akafuta mikono kidole kwa kidole. Vijana wa msiba walikuwa wakipita na birika la chai, akawatikisia kichwa waendelee.

"Ile asubuhi," alisema, "Mbusa hakukuaminia. Ulienda kufungua porte, akaniambia: mama Paluku, huyu kijana macho yake haiko sawa, sitakata moteur, nitashuka nayo hivi hivi. Mimi njo nilimuambia hapana. Nilimuambia: Kasereka anasema alipima, ni mutu ya kanisa, hawezi kudanganya. Kata, baba, usikie. Akanisikia." Akanigeukia usoni. "Basi nakuuliza leo, kwa sababu Papa Kakule amekufa na siye tutakufa. Ulipima, ama haukupima?"

Watu walikuwa wakiongea pande zote. Mtu alikuwa bado akimsifu marehemu. Nilitamani aongeze sauti anifunike.

"Sikupima," nikasema.

"Sema tena."

"Sikupima mu mulima, mama Paluku. Nilipima pale gereji, mahali pa sawasawa. Nilikudanganya wewe na yeye."

Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Hakufanya hivyo. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani ambaye shingo bado haijaamini. Machozi yalimtoka bila sauti, na akayaacha yashuke.

"Miaka yote," alisema, "niko naomba Mungu anisamehe zambi yako."

Niliona haya ambayo sikuwahi kuiona maishani, kubwa kuliko ile niliyoikwepa kwa uongo, na nilikaa ndani yake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Yeye akaendelea kwa utulivu, akinieleza habari za watoto wake kana kwamba tunakutana sokoni. Kwamba walipokua walisikia habari za moshi kutoka kwa watu, wakamuuliza, naye hakuwaficha: aliwaambia ni yeye aliyemwambia baba yao azime injini. Mabinti wakubwa walilia na yeye. Paluku, yule aliyekuwa mgongoni, hakulia. Yuko Beni, ana duka la vipuri na watoto watatu, anamtumia mama yake kila kitu anachohitaji, sabuni, makaa, dawa, na hajawahi tena kula chakula alichopika mama yake. Wajukuu wakimtembelea wanakuja na chakula chao kwenye sufuria.

"Kesho utaenda na mimi Beni," alisema Kahindo. "Utaketi mu nyumba yake na utamuambia vile umeniambia. Mimi sitasema kitu. Njo wewe utasema."

Nikasema nitakwenda. Nikaanza kuuliza ni saa ngapi, na kama barabara ni salama wiki hii, na kama nimletee zawadi, maneno ya mtu anayeogopa. Aliniachia niyamalize yote. Kisha akachukua sahani yangu, ambayo ilikuwa bado imejaa, akaiweka juu ya yake, akasimama.

"Saa moja asubuhi," akasema. "Ukichelewa nitakungojea tu."

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimefika mbele ya geti la marehemu, nimevaa suti ya mazishi. Kahindo alikuwa amekwisha kutangulia, amekaa juu ya jiwe kando ya barabara na kikapu mapajani, amefunika kwa kitambaa chakula kilichokuwa bado kinatoa mvuke.